Sketi ya Twiga

"Vua sare, vaa futi." Hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho ya mama kila siku nikirudi kutoka shule. Futi ni ule utepe wa kupimia nguo. Wa kwetu ulikuwa wa manjano, tena tarakimu zake zilikuwa zimefutika kwenye inchi ishirini na nne, kwa sababu viuno vingi vya sare za shule vinaishia hapo. Niliutundika shingoni, nikachukua daftari la vipimo na penseli, nikasimama kando ya cherehani. Mama alipima na kutaja, mimi nikaandika: bega, kifua, kiuno, urefu. Wateja wote wakaniita Futi, na jina langu halisi likabaki kuwa la mwalimu na daftari la mahudhurio.

Chumba chetu cha mbele ndicho kilichokuwa cha kazi. Kulikuwa na cherehani ya miguu, benchi la wateja, waya wa kutundikia nguo zilizokwisha, na msumari nyuma ya mlango kwa ajili ya nguo ambazo wenyewe wamechelewa kuzifuata. Mama alisema mtu anayepimwa amesimama wima, mikono ameinua, hana pa kwenda wala la kufanya, kwa hiyo mdomo ndio unaobaki na kazi. Nikiwa na miaka kumi na miwili tu nilikuwa nimekwisha kusikia ugomvi wa mawifi wote wa mtaa ule. Lakini mama alikuwa na sheria yake. "Yanayosemwa hapa yanaanguka chini pamoja na vipande vya vitambaa," alisema. "Jioni tunayafagia yote."

Ilikuwa sheria nzuri, na mimi ndiye niliyeivunja. Sikutoa nje siri ya mteja. Nilifanya baya zaidi: nilimpa mteja habari ambayo haikuwepo.

Mambo yalianza siku muuguzi wa kituo cha afya alipokuja darasani kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, saa yake ameibana kwenye mfuko wa kifuani. Alituambia kuna chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, yaani ule mlango wa tumbo la uzazi. Ugonjwa huo huletwa na virusi, alisema, na chanjo hufanya kazi vizuri mtu akiipata mapema. Ndiyo maana shuleni hupewa wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne. Akauliza kama kuna swali. Wavulana walikuwa wamejazana dirishani wakichungulia, nasi tulikuwa tumeziba midomo kwa kucheka. Hakuna aliyeuliza. Akatugawia karatasi za wazazi kutia sahihi, akatazama saa yake, akaenda. Sindano zingekuja Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Sasa niseme ukweli wangu. Mtoto wa fundi cherehani kuogopa sindano ni kama mtoto wa mwokaji kuogopa unga, lakini ndivyo nilivyokuwa. Nilipokuwa na miaka minane nilikanyaga msumari wenye kutu, nikapelekwa kuchomwa sindano. Nilipiga yowe kubwa mpaka mzee wa nyumba ya jirani akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani kuna moto. Muhula mzima watoto wenzangu waliliigiza yowe lile. Kila nilipopita walilia "Uuwii!" na kuulizana ndoo iko wapi. Niliapa sitachekwa hivyo tena.

Mama aliitia sahihi karatasi yangu jioni ile ile, akaiweka chini ya kisahani cha pini. Kila nilipochukua pini niliiona.

Kesho yake akaja msusi. Alikuwa na kibanda cha kusukia nywele njia panda, na kila mwanamke wa mtaa alipitia mikononi mwake. Mama alimpima bega na kifua, kisha akatoka kwenda uani kupuliza pasi ya mkaa iliyotaka kuzima. Nikabaki na msusi, yeye amesimama na mikono juu.

"Futi," aliniuliza, "hiyo karatasi wanayozungumzia watoto ni ya nini?"

"Ya sindano," nikasema. Halafu, sijui ni kitu gani kilinisukuma, nikaongeza, "Lakini watu wanasema ukichomwa hiyo, huzai tena."

Mikono ya msusi ilishuka yenyewe. "Nani kasema?"

"Hata watu wa hospitali wenyewe wanajua. Hawasemi tu."

Hakuna mtu aliyekuwa amesema hivyo. Niliyatunga palepale, na sababu yangu ilikuwa moja tu: nilijua kwamba neno la namna hiyo likimfikia mama, hatakubali nichomwe. Lakini sitaficha jambo jingine. Msusi alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake, na nilipenda kutazamwa vile. Mama aliporudi na pasi yake, msusi alimaliza kupimwa akashika njia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuondoka kwetu bila kuaga vizuri.

Uongo wangu ulichukua siku tatu kuzunguka mtaa na kurudi nyumbani. Ulirudishwa na mama yake Twiga, muuza mkaa, alipotuletea gunia letu.

Twiga alikuwa rafiki yangu na tulikaa dawati moja. Alikuwa na miaka kumi na minne, miwili zaidi yangu, maana mama yake alihamahama na biashara yake na Twiga alichelewa kuanza shule. Alikuwa mrefu mno. Sketi yake ilikuwa imeshushwa pindo mara mbili mpaka kitambaa kikaisha, na mama alikuwa akimshonea mpya.

"Fundi, umesikia?" muuza mkaa alisema huku akipangusa mikono. "Hii sindano ya shule inafunga kizazi! Kuna binti, mtoto wa binamu ya mtu ninayemfahamu, alichomwa huko kwao, na sasa ameolewa mwaka wa tatu hana kitu. Na wa hospitali wanajua, wanaficha."

Niliutambua uongo wangu mara moja, ingawa ulikuwa umekua. Nilikuwa nimeuzaa bila binti wala binamu wala ndoa ya miaka mitatu.

"Maneno ya watu hayo," mama alisema, lakini kwa sauti ya kusitasita.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," muuza mkaa akajibu. "Mimi nina binti mmoja tu, fundi. Siwezi kumchezea bahati nasibu."

Alipokwenda, mama aliinua kisahani cha pini, akaichukua karatasi yangu. Aliisoma tena, mbele na nyuma. "Tusubiri kwanza," akasema. Akaikunja na kuitia mfukoni mwa gauni lake. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo wangu ulifunguka kabisa, kisha nikautumia kuomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Alhamisi muuguzi alikuja na kisanduku chake chenye barafu. Katika wasichana thelathini na wanne, watano tu walikuwa na karatasi zenye sahihi. Wazazi kadhaa walisimama langoni kuhakikisha, na mmoja alimwambia muuguzi mbele yetu sote aende akawachome watoto wake mwenyewe. Muuguzi alijaribu kueleza, lakini sauti zilikuwa nyingi. Alikaa darasani hadi saa saba karibu na kisanduku kilichojaa. Kisha akakifunga, akabeba.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilifurahi kwa muda wa kama robo saa. Halafu nikamkuta Twiga ameketi nyuma ya choo cha shule. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, imepigwa pasi, ili mkono uwe tayari.

"Mama amekataa," alisema. "Nilimbembeleza mpaka akanifukuza jikoni. Mwezi ujao natimiza miaka kumi na mitano, Futi. Nimemuuliza muuguzi, amesema hii ya shule ikinipita nitalazimika kuitafuta mwenyewe hospitali kubwa. Na mama anasema tunahama tena. Hospitali kubwa nitaijua wapi huko?" Akachora chini kwa kijiti. "Wewe unakaa kwenye habari. Ni nani hasa aliyeanzisha maneno haya?"

"Sijui," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio unaoniuma kuliko ule wa kwanza. Wa kwanza niliusema kwa woga wa sindano. Wa pili niliusema nikimtazama machoni rafiki aliyeniuliza.

Wiki iliyofuata mama mkubwa alikuja kukaa kwetu. Ndiye dada pekee wa mama, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Tulikuwa tumeambiwa anasumbuliwa na tumbo. Aliingia akiwa amebeba mfuko mdogo, akakaa kwenye benchi la wateja kabla ya kufika ndani, akavuta pumzi.

"Shikamoo mama mkubwa," nikasema.

"Marahaba, Futi wangu. Njoo unipime. Nguo zangu zinanikimbia."

Mama alimzungushia futi kiunoni. Siku zote alitaja namba kwa sauti, lakini siku hiyo alinyamaza, ikabidi nichungulie mwenyewe. Inchi ishirini na tisa. Nikafunua kurasa za mwaka uliopita ili nijue tunapunguza kiasi gani. Mwaka uliopita kiuno cha mama mkubwa kilikuwa inchi thelathini na sita. Katika daftari lile watu wote walikuwa wakiongezeka. Yeye peke yake alikuwa akipungua.

Baada ya siku kumi gauni lile lile lililegea tena. Namba ikawa ishirini na saba. Mama aliiweka futi mezani na kukaa kitako sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa.

"Niambie ukweli, dada. Hili si tumbo."

"Ni saratani," mama mkubwa akasema. "Ya shingo ya kizazi. Nilitokwa na damu mwaka mzima nikanyamaza, nikimwonea aibu daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, mdogo wangu. Nilipokwenda, ilikuwa imeshaenea." Akanigeukia. "Enzi zetu hakuna aliyetuletea chanjo. Afadhali hawa watoto wanaletewa mpaka darasani. Futi, umeshachomwa?"

Mama ndiye aliyejibu, huku ameinamisha kichwa. "Nilikataa. Wanasema inafunga kizazi."

Mama mkubwa alianza kucheka, kicheko kikakatika katikati na kuwa kilio. "Inafunga kizazi! Mimi kizazi changu kimetolewa, mdogo wangu. Nilikuwa bado natamani mtoto mmoja tena. Hakikufungwa na sindano. Ugonjwa ndio ulioninyang'anya. Nani aliyekwambia maneno hayo?"

Futi ilikuwa mezani, na bila hiyo shingo yangu ilikuwa tupu.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyeyasema. Niliyatunga kwa kuogopa sindano."

Nililia mpaka nikashindwa kumaliza. Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Alitaka kujua kitu kimoja tu.

"Nilikuwa wapi ulipoyasema?"

"Uani. Ulikuwa unapuliza pasi."

"Kwa hiyo nilipuliza mkaa kule, na wewe ukapuliza moto huku." Akasimama, akachukua khanga yake. "Futa machozi. Twende."

Tulianza kwa msusi. Alikuwa na kichwa cha mteja magotini, nusu kimesukwa. Mama alinisukuma mbele, nikasema. Vitana viliacha kutembea.

"Lakini nililisikia kwako, fundi!" msusi alisema, na uso wake ulionyesha kwamba ameumia. "Ndiyo maana sikulitilia shaka. Nilimwambia kila mtu: nimelipata kwa fundi. Fundi hakosei kipimo, nikasema, atakoseaje neno?"

Mama aliniangalia mara moja tu. Wakati ule ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimetumia mdomo wangu peke yangu. Nilikuwa nimetumia jina lake, ambalo alilishona kwa miaka kumi na mitano.

Kutoka pale tulikwenda kwa muuza mkaa. Kibanda kilikuwa wazi, chini kuna vumbi jeusi na alama za magunia. Jirani alisema walipakia vitu vyao kwenye lori Jumapili iliyopita. Walikokwenda hakusema, labda hakujua. Mama alipiga simu yake mara tatu pale pale barabarani. Namba haikupatikana. Haijapatikana mpaka leo.

Nilidhani mambo yatamalizwa kwa mkutano mkubwa uwanjani, mimi nimesimamishwa mbele kama mwizi wa kuku. Mama alikuwa na fikra nyingine. Alikwenda kituo cha afya, akamweleza muuguzi yote, kisha akamwambia, "Neno baya lilitokea kwenye chumba changu. Njoo neno zuri litokee humo humo."

Muuguzi alikuja wiki mbili, kila alasiri. Aliibandua saa yake kifuani, akaketi kwenye benchi la wateja, akasubiri. Wanawake walikuja kupimwa, wakainua mikono, na midomo ikafanya kazi kama kawaida. Waliuliza mambo ambayo wasingethubutu kuyauliza langoni mwa shule. Je, inazuia kuzaa? Haizuii, alisema, inalinda kizazi. Je, ni kuwaruhusu mabinti kufanya ovyo? Ukimfundisha mtoto kufunga mlango, alisema, humfundishi wizi. Ina madhara gani? Mkono unauma siku moja au mbili, wengine hupata homa kidogo au kizunguzungu, ndiyo maana tunawakalisha dakika kumi na tano kabla hawajaondoka. Mwanamke mmoja aliuliza swali lile lile siku nne mfululizo, na muuguzi alilijibu mara nne.

Mama mkubwa alikaa pembeni akishona vifungo. Kila aliyesita, alimwita amshike kiuno. Hakuongeza hotuba.

"Kosa si la mtoto huyu peke yake," muuguzi alimwambia mama jioni moja. "Niliwapeni karatasi nikatazama saa. Sikukaa na mtu. Kama mngekuwa mmeuliza yenu yote mapema, uongo wa Futi usingepata pa kulala."

Lakini kila alasiri, kabla muuguzi hajaanza, mama alinitaka niseme sehemu yangu. Nami nilisema, mbele ya kila kundi la wateja: mimi ndiye niliyetunga, nilitunga kwa woga, si kweli. Wengine walisikitika. Wengine walicheka. Mmoja alilia "Uuwii!" na kuuliza ndoo iko wapi. Haikuniuma hata kidogo, na nilishangaa kwamba ni kicheko kile nilichokikimbia kwa gharama kubwa vile. Msusi naye aliongea kibandani kwake, kila kichwa na habari yake, na safari hii aliongea kweli.

Kisanduku cha barafu kilirudi shuleni Alhamisi nyingine. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Sindano iliniuma kama pini ya mama inavyouma, ikaisha. Wasichana wenzangu walifuata mmoja mmoja. Darasani kwetu, wote waliokuwepo walichanjwa, isipokuwa wawili ambao wazazi wao walisema bado wanafikiri. Muuguzi aliandika majina yao, akaahidi kuwatembelea nyumbani. Kisha akafika kwenye jina la Twiga, akaniangalia, akaweka mstari mdogo pembeni yake.

"Hata akishatimiza kumi na mitano hajachelewa kabisa," alinieleza. "Akifika hospitali wanayoitoa anaweza kusaidiwa. Ila lazima awepo mtu wa kumwambia aende."

Tangu siku hiyo, kila lori la mkaa linaposimama mtaani kwetu nakwenda na kikaratasi nilichoandika, namuuliza dereva kama amemwona mwanamke muuza mkaa mwenye binti mrefu sana. Madereva hunitania. Wengine hupokea kikaratasi, wengine hukipachika nyuma ya sikio kama sigara. Sijapata jibu.

Sketi yake mpya bado ipo kwetu. Mama aliimaliza wiki waliyohama, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku ambayo Twiga alitimiza miaka kumi na mitano, niliishusha nikaikumbatia, nikasimama nayo katikati ya chumba kama mjinga. Mama mkubwa alikuwa amelala ndani. Mama alisimamisha cherehani.

"Mama," nikamwuliza, "nilishasema kweli kwa kila mtu. Mbona bado inaniuma?"

"Kwa sababu kusema kweli si kufuta," mama alinijibu. "Kitambaa ukikikata vibaya, mkasi haurudi nyuma. Fundi mwaminifu anaunga, na kiungo anakishona imara, lakini kitaonekana. Ungekuja kwangu siku ile ukaniambia 'mama, naogopa', ningekushika mkono tukaenda pamoja. Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuufanya woga wako uwe habari, ukawagawia wenzako. Ukiogopa, sema unaogopa. Usichokijua, uliza. Basi." Akanyoosha mkono, akaigusa sketi. "Sasa fumua pindo hilo, ushushe inchi mbili. Akija atakuwa amerefuka."

Nilikaa kwenye benchi, nikatunga uzi, nikaanza kushona. Sindano ilinichoma kidole mara mbili. Nikakifyonza, nikaendelea mpaka pindo likaisha.